Alama za Gatwiri

Gatwiri, ukitoka chumbani, uji uko kwa thamosi. Ng'ombe apewe maji. Mimi nimeenda shamba kupanda viazi.

Jana hapa sebuleni, nilipoomba akina mama wa kanisa wakuombee upate masta ya saikolojia, niliwatajia alama zako zote za digrii. Nilidhani maombi yanataka maelezo kamili. Kuingia jikoni, nakupata umesimama na trei ya chai, macho yamejaa machozi. ~~Lakini na wewe ungesoma~~ Hapana. Pole, mwanangu.

Wenzake walipoondoka, Mama Kajuju alibaki kwa geti. Tangu azike mzee wake hapati usingizi, anaomba uende mwongee jioni. Nikaanza tena habari ya alama. Akaniambia hizo hajauliza.

Nenda.

Mama