Hesabu Tena, Mama

Mama,

Maharage yameiva, bado kuungwa. Jiko nimezima. Mwenye gauni la bluu amepita, anasema mikono inambana.

Sasa, habari ya asubuhi. Ulipoikuta bangi ndani ya daftari langu nilisubiri makelele, nikajitutumua kabisa: "Hii ndiyo inayonipa mashairi." Wewe ukavaa subana yako ya kushonea, ukaugonga kila mstari mezani, silabi moja moja.

"Huu mizani nane. Huu saba. Shairi linachechemea, mwanangu. Yale ya darasa la saba, bila moshi, hayakuwa na kilema."

Kisha ukachukua kikapu, ukaenda zako sokoni. Heri ungenichapa.

Nimehesabu mara tatu. Ni saba kweli.

Kile kifurushi nimekimwaga chooni. ~~Sitavuta tena maishani.~~ Nimefuta hilo, sitaki kukudanganya. Leo sijavuta. Nimekwenda kwa yule mshauri wa zahanati uliyenipa namba yake mwezi uliopita, siku ile nilipokujibu kwamba mimi si kichaa. Saa kumi nitakuwa nimerudi. Dada usimwambie kwanza, atanitania mpaka nizeeke.

Nimekuachia mistari miwili. Vaa subana:

*Subana yako mamangu, imenigonga moyoni,*
*Natunga kwa nguvu zangu, hakuna moshi kichwani.*

Nane kwa nane. Ukikuta kilema, niambie nikirudi, tutakaa wote mezani tukirekebishe.

Kitindamimba wako