Kufuli Moja, Funguo Ishirini na Mbili

Mwaka mmoja umetimia sasa, Mwalimu, tangu homa ya siku tisa ikunyakue mikononi mwetu.

Mwezi uliopita mama yako alifua lile koti lako la kijivu, akatoa mfukoni vipande vitatu vya chaki. Aliviweka dirishani. Kila mtu anavipita, na hakuna anayethubutu kuvitupa.

Binti yetu ameniambia tangazo la kumbukumbu huwa fupi: picha, tarehe, majina, basi. Nimemwambia aandike lake. Hili ni langu mimi mumeo, na lina jambo ninalotaka kukuungamia. Wasomaji wengine wanaruhusiwa kusikiliza.

Unanijua. Mimi ni fundi kufuli, na mtu aliyeshinda miaka thelathini akitengeneza milango iliyovunjwa na ndugu wa mwenye nyumba hawezi kuwa mwepesi wa kuamini. Muuza maziwa akitabasamu, mimi napima upya maziwa. Ndiyo maana ulinibatiza Bwana Komeo. Wewe ulikuwa kinyume changu. Ulikuwa huwezi kumpita mtoto anayelia bila kuinama kumfunga kamba za viatu, hata kama kilio chake hakihusiani na viatu. Uliwaazima watu vitabu bila kuandika majina yao. Mwavuli wetu wa pili sijui uko kwa nani mpaka leo, ingawa ninaye ninayemshuku.

Shule yako ilipoletewa ile mbinu mpya, ya watoto kujadili swali wawili wawili kabla ya kujibu badala ya kuitikia wote kwa pamoja kama kikosi, mwalimu mkuu alitaka ianze madarasa yote Jumatatu inayofuata. Walimu walikuwa wamekaa semina siku mbili, wakanywa chai, wakapewa vyeti. Ulirudi nyumbani umenuna.

"Mbinu haishuki kwa waraka," uliniambia ukivua viatu. "Wataifanya siku mkaguzi akija. Akigeuka tu, wanarudi kwenye yale yale. Na siwalaumu. Nani atajaribu kitu asichokijua mbele ya watoto hamsini?"

Uliomba muda, mkuu akakupa Jumatano: saa moja baada ya masomo, kila wiki. Jumatano ya kwanza ulifundisha wewe, walimu wenzako wakiwa wamebanana kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yakikaribia masikio. Ulifundisha vibaya. Hukujifanya, mbinu ilikuwa ngeni na ikakushinda kweli. Ukachukua daftari jipya, ukaandika kosa lako mbele yao, ukalisoma kwa sauti. Sharti la daftari hilo lilikuwa moja: kila mtu anaandika kosa lake, si la mwenzake, na analisoma kwa sauti. Wa kwanza kukufuata alikuwa jirani yako wa darasa la tatu. Mwaka wa pili mlikuwa sita. Mwaka wa nne walimu wote ishirini na wawili walikuwa wanapokezana kusimama mbele, na Jumatano nyingine wewe ulikaa tu nyuma unakula karanga.

Wa mwisho kusimama alikuwa mwalimu wa hesabu, yule mnayemwita Mzee Kimya. Miaka miwili alikaa dawati la nyuma, mikono kifuani, hakuandika hata nukta. Nikakwambia, "Huyo anakupeleleza." Ukasema, "Anajifunza." Nikasema, "Anajifunza jinsi ya kukuangusha." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Kisha siku moja ulikuja kibandani kwangu kama mteja, ukapanga foleni nyuma ya mama mmoja aliyepoteza ufunguo wa baiskeli. Zamu yako ilipofika ukaagiza kufuli moja ya kabati la ofisi ya walimu, na funguo ishirini na mbili. Niliweka tupa chini.

"Kufuli ya funguo ishirini na mbili si kufuli," nikakwambia. "Ni pambo."

"Ni ya kuzuia watoto wasibebe kadi za picha. Walimu ni wenye nyumba. Chonga tu, Bwana Komeo."

"Mle kuna kazi yako yote. Mipango ya masomo, kadi ulizokata kwa mkono, daftari. Fundi hafundishi siri zake zote, huacha moja mfukoni. Wakijua vyote, watakuhitaji kwa lipi?"

"Nikiugua wiki moja shule isimame? Hiyo itakuwa kazi gani?"

Nilichonga. Nilichonga kwa hasira, ndiyo maana ufunguo wa kumi na tisa ulikuwa unakwama. Niliposikia ufunguo huo umemwangukia Mzee Kimya nilifurahi moyoni.

Basi ukaondoka. Siku ya tatu baada ya mazishi, Mzee Kimya alikuja nyumbani. Mtu asiyesema maneno kumi kwa wiki. Alikaa, akanywa chai nusu kikombe, akauliza, "Shemeji, lile daftari alilirudisha kabatini au lilibaki hapa?"

Hakuuliza nimeamkaje. Hakuuliza binti anakula au hali. Daftari! Nikamjibu limo kabatini.

"Afadhali," akasema, akaaga.

Nilitembea na hilo neno siku nne. Afadhali kwa nani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaona yote wazi kabisa: yule mpinzani wa miaka miwili atalichukua daftari, atang'oa jalada, ataandika jina lake, na mwakani atakuwa anazunguka kwenye semina akijiita mwanzilishi. Au atatafuta makosa uliyoyaandika kwa mkono wako mwenyewe awaonyeshe wakubwa. Sikujua lipi, lakini nilijua ni moja kati ya hayo.

Jumatatu nilikwenda shuleni kuchukua kandambili zako na kikombe. Walimu walikuwa madarasani, na mkoba wa kazi nilikuwa nao, kama siku zote. Nilifungua kufuli yako kwa ufunguo wako, nikaitia mkobani, nikatundika nyingine, nzito, yenye ufunguo mmoja. Kazi ya dakika tano. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba mali ya marehemu itakaa hivyo mpaka familia iamue. Aliniangalia, akasema, "Pole sana, shemeji. Chukua muda wako." Hata pole yake niliishuku.

Daftari sikulifungua. Unaujua mwiko wangu wa kazi: sifungui cha mtu mwenyewe asipokuwepo.

Baada ya hapo zikaanza Jumamosi. Walimu wakawa wanakuja kibandani, mmoja mmoja, kila mmoja na kufuli mkononi. "Shemeji, hii inakwama." Naijaribu, nzima. Wiki ya pili mwalimu wa sayansi: "Hii haishiki vizuri." Inashika kama jela. Mpaka katikati ya mwaka nilikuwa nimeletewa kufuli nzima kumi na nne. Analeta, anakaa kwenye kigoda, ananisimulia kisa chako kimoja, anazitazama funguo zilizoning'inia ukutani, anaondoka. Nikasema hawa wametumwa, wanapima ufunguo kwa macho. Nikaanza kuvaa ule ufunguo shingoni, pamoja na wako, nikawa naoga nao. Mzee Kimya peke yake hakuja hata mara moja, na hilo lilinitia shaka kuliko wote waliokuja.

Wiki tatu zilizopita binti yetu alirudi nyumbani mwisho wa wiki. Unajua alipangiwa kazi mwaka huu huu? Ni mwalimu sasa, shule ya mbali, na ana mkunjo ule ule wako kati ya nyusi. Kwao nako mbinu imefika. Semina siku mbili, vyeti, na kufikia Alhamisi kila mtu alikuwa amerudia kuwaitikisha watoto kwa pamoja. Akaona awapelekee mfano wa daftari lako. Akapita shuleni kwako kuomba kunakili.

"Baba," aliniambia, bado amesimama mlangoni na begi, "umefunga kabati la shule?"

"Nalilinda."

"Unajua pale wamekuja walimu wapya wanne? Hawajawahi kuona kilichomo. Na mwisho wa muhula huu ofisi ya elimu inakuja kuamua mpango uendelee au ufutwe. Watawaonyesha nini? Kufuli yako?"

Nikaushika ufunguo shingoni.

"Mama alitumia miaka minne kuwafungulia. Wewe ukafunga kwa dakika tano."

Mama yako alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa. "Mkwe wangu," akasema, "unamlinda mwanangu na nani? Na wenzake?"

Nilikasirika, nakiri. Lakini nilijua tarehe ya muhula, na nilijua kwamba kazi yako ikifutwa, mkono utakaokuwa umeifuta ni wangu.

Jumatano iliyofuata nilikwenda bila taarifa. Nilitaka kuwafumania. Nilisimama nje ya dirisha la darasa la nne, na mbele ya ubao, na chaki mkononi, nani? Mzee Kimya. Alikuwa anafundisha sehemu, nusu na robo, jasho linamtoka. Walimu wamebanana kwenye madawati, wale wanne wageni mstari wa mbele. Alipomaliza alichukua karatasi ya mtihani wa zamani, akaigeuza nyuma, akaandika, akasoma: "Leo kosa langu ni kwamba nimeongea mno."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Hata yeye. Kisha akaiweka karatasi kwenye boksi lililojaa karatasi nyingine, zimefungwa uzi kwa mafungu.

Hapo akaniona. "Shemeji, ingia. Dawati lipo."

Nikaingia. Nikakaa, magoti yakikaribia masikio, nikauliza zile ni karatasi za nini.

"Za mwaka mzima," akasema. "Daftari likipatikana tutazibandika kwa tarehe. Ndiyo maana nilikuuliza siku ile. Niliogopa lisije likachanganywa na nguo zake likagawiwa."

"Na zile kufuli nzima za kila Jumamosi?"

Mwalimu wa sayansi akatazama chini. "Tulipanga zamu, shemeji. Tulikubaliana usikae peke yako Jumamosi."

Nikamgeukia Mzee Kimya. "Wewe mbona hukuja?"

"Mimi mfiwa simuwezi. Ningekuharibia."

"Basi mngekata kufuli! Msumeno wa chuma dakika kumi."

"Kufuli ya mfiwa haikatwi," akasema. Kwa siku moja alikuwa ameshamaliza maneno ya mwezi.

Tukaenda wote ofisi ya walimu. Niliitoa kufuli yangu nzito. Kufuli yako ilikuwa bado mkobani, mwaka mzima nimeibeba kila siku pamoja na tupa na bisibisi. Nikaitundika mahali pake, nikawaambia kwamba najua funguo zao walishazitupa, nitawachongea nyingine. Wakaanza kutoa mashada yao mifukoni. Zilikuwepo. Ishirini na moja, zote, zimekaa mwaka mzima hazifungui kitu. Mzee Kimya alisogea na ule wa kumi na tisa, akautia, akauinua kidogo kama mtu anayeujua ugonjwa wake, ukafungua.

Wakanikabidhi daftari. Nikarudi nyuma. Nikawaambia siwezi, mwenyewe hayupo.

"Wenyewe tupo," akasema Mzee Kimya.

Nikalifungua ukurasa wa kwanza. Mwandiko wako, ule wa herufi zilizolala. *Leo niliuliza swali nikalijibu mwenyewe kabla hawajafungua midomo. Kosa langu: sikuwaamini.*

Nililia, Mwalimu, mbele ya watu ishirini na watano, na sikuona haya. Mzee Kimya akanisubiri, kisha akanipa kalamu. Nikaenda ukurasa ulio wazi, nikaandika: *Nilibadilisha kufuli ya kabati. Kosa langu: sikuwaamini.* Nikataka kulifunga, wakanikumbusha sharti. Basi nikasimama nikasoma kwa sauti.

Jumamosi nilichonga funguo tatu mpya kwa wageni watatu, taratibu, bila hasira. Wa nne nilimpa ufunguo wako. Ni mwalimu kijana wa darasa la pili; aliupokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama una siri yoyote ya kufungulia. Nilimwambia hauna.

Ofisi ya elimu inakuja wiki ijayo. Sijui itaamua nini, na ofisi mimi siziamini, hilo usinibadilishe. Lakini wakija watakuta kabati limefunguliwa, na yeyote watakayemnyooshea kidole ataweza kusimama mbele.

Tunaokukumbuka ni mama yako, mlinzi wa chaki tatu za dirishani. Binti yetu, aliyenakili kurasa arobaini na ambaye Jumatano hii ataanza kwao kwa kukosea mbele ya wenzake. Walimu wenzako ishirini na watano, walioomba niwaandike humu kama ndugu, nami kwa mara ya kwanza sikuuliza kwa nini. Na mimi mumeo, Bwana Komeo. Jana Mzee Kimya alikuja kibandani na kufuli, akakaa kwenye kigoda saa nzima bila kusema neno. Niliijaribu. Nzima kabisa. Nikamwambia aifuate Jumamosi ijayo, bado haijapona.

Siku zote za maisha yetu, Mwalimu, tutakukumbuka.