Karatasi Yangu na Moto wa Alhamisi

Nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya msitu,
Chumba cha nyuma, dirisha linalotazama miti.
Jumanne, alasiri.

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Uliniambia siku hizi linatabiri hali ya hewa kabla ya redio. Natamani lingekuwa hapa tuliulize. Na mzee wako, bado anabishana na daktari juu ya chumvi? Mwambie nimemkumbuka, na nipo upande wa daktari.

Sisi tu wazima. Mama anafuma, baba ananenepa kwa sifa, nami, yule unayemwita Bibi Maswali, nimemaliza mitihani salama. Ningependa barua iishie hapo.

Unajua baba ameongoza kamati ya msitu miaka sita, na miaka yote sita watu walimtania kwamba kamati yake inalinda viti. Mwaka huu ndipo tulipoanza kutembeleana, sisi wa vijiji vitatu tunaoishi na msitu mmoja: wa kilimani, sisi wa katikati, na wa bondeni. Kila kijiji kifundishe kinachokijua. Sisi tuliwaonyesha wenzetu namna ya kuotesha miche chini ya magunia. Wa kilimani wakatufundisha kuuchoma msitu ili usiungue.

Usishtuke. Unachoma nyasi za chini zingali na maji ndani yake. Moto unatambaa kama kobe, na ule mkubwa wa kiangazi ukija haukuti cha kula. Aliyetufundisha ni mama mmoja wanayemwita Mama Filimbi, kwa sababu doria nzima humfuata kwa mluzi wake. Alichuma konzi ya nyasi, akaisokota mbele ya macho yetu. “Ikisokoteka kama kamba, washa,” alisema. “Ikikatika, rudi nyumbani ukapike.” Tulicheka sana.

Nikayaandika mafunzo yote kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko wangu mzuri. Mstari wa tatu niliandika hivi: Choma mapema, nyasi zikiwa na unyevu. Habari ya kusokota sikuiandika. Niliiona kama mzaha wa kuonyeshana kwa mikono, haikufaa karatasi. Shangazi, mimi ndiye niliyesomeshwa katika nyumba hii, na hilo ndilo nililoliacha.

Kisha nikaenda kufanya mitihani, nikakaa miezi miwili. Huku nyuma wanakamati wetu wakausoma ukurasa. Seremala, yule Bwana Kipimo ambaye hupima hata benchi kabla ya kulikalia, akauliza mapema maana yake lini. Wakashauriana, wakakubaliana: mapema ni alfajiri, na unyevu ni umande. Hakuna aliyekosea lugha. Mimi nilimaanisha mapema katika msimu, mvua zinapokatika tu. Wao walisubiri mpaka shughuli za shamba ziishe, kiangazi kimeshakomaa, wakaamka saa kumi na moja wakawasha.

Na moto ukawatii. Hilo ndilo linaloninyima raha. Siku mbili kabla yalikuwa yameanguka manyunyu ambayo hakuna aliyeyatarajia, na asubuhi hiyo upepo ulilala. Nilipofika nyumbani Bwana Kipimo alinishika mkono mbele za watu. “Binti yetu! Saa mbili tulikuwa tumeshakaa kwenye chai. Kalamu yako ina mkono mwepesi!” Nilitabasamu kama mjinga. Laiti moto ule ungewachoma kidogo tu, ukala hata ua wa mtu, wangejifunza. Sasa bahati ndiyo iliyowafundisha, na bahati ni mwalimu asiyerudia somo.

Wiki iliyopita wa bondeni walikuja kujifunza kwetu. Baba akawapa nakala ya ukurasa wangu, imepigwa muhuri wa kamati. Watachoma keshokutwa, Alhamisi, alfajiri.

Nyumba ya mwisho kule bondeni, kabla miti haijaanza, ni ya mdogo wangu. Paa lake bado ni la nyasi. Mtoto ana miezi mitano.

Leo asubuhi nimeshuka hadi mpakani mwao, nikachuma nyasi, nikasokota. Zilikatika. Nikachuma kivulini, karibu na kijito. Zikakatika kwa sauti, kama biskuti. Kijito chenyewe nimekivuka bila kuvua viatu. Ilipofika saa mbili upepo ukaamka, ukavuma kutoka kwenye miti kuelekea nyumba, na haujatulia hadi sasa ninapoandika.

Nilirudi mbio kwa baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana yeye si mtu wa kukatiza.

“Mwanangu, moto wetu ulizimika au haukuzimika?”

“Ulizimika, baba.”

“Basi usiuwashe tena kwa mdomo. Muhuri ukishapigwa haulambwi.”

Nikamwambia kosa ni langu, si la kamati. Akasema mtoto wa mwenyekiti hana kosa la peke yake. Amenikataza kwenda bondeni kumwaibisha.

Nikampigia simu mdogo wangu. Akapokea mumewe, fundi baiskeli. “Shemeji,” alinicheka, “unaionea wivu karatasi yako mwenyewe?” Kwa nyuma nilimsikia mtoto akilia, kisha simu ikakatika.

Wewe sikutaka kukupigia. Mtu akilia kwenye simu husikika kilio, hoja ikapotea. Dereva wa lori la mbao anaondoka jioni hii, na anasema barua itakufikia Jumamosi. Ukiisoma, yatakuwa yameshakuwa.

Kesho nitakwenda bondeni. Sijawahi kumvunjia baba neno, unalijua hilo. Nitapitia kilimani kwanza nimwombe Mama Filimbi tushuke wote, kisha nitasimama mbele ya kamati yao niseme kwamba ukurasa ni wangu na una kosa. Wasiponisikiliza, mdogo wangu na mtoto nitawatoa mle ndani hata kwa kuwaburuta. Mimi nitabaki na ndoo, nilimwagie paa maji. Wakiwasha, wawashe wakijua nani yumo kwenye nyumba ya mwisho.

Ninachokuomba ni kimoja. Baba hamsikilizi mtu ila wewe, dada yake. Lolote litakalotokea, mwambie sikwenda kumwaibisha.

Nisalimie binamu zangu wote, pacha wale na yule mshonaji, na jirani yako mwenye kicheko kikubwa. Mama anakusalimu. Baba naye amepita mlangoni sasa hivi, akauliza naandika nini; nimemwambia namsalimia dada yake. Amefurahi. Anasema niongeze salamu zake, na nikwambie mwaka huu msitu hauna wasiwasi.

Mungu akuweke mahali pa ubaridi, shangazi.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukutegemea,

Bibi Maswali