Picha ya Kifua kwa Jina Lako

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za Mama. U hali gani huko, na shemeji je, mgongo wake umetulia? Mama hajambo, macho tu ndiyo yanamsumbua, ulimi uko vilevile. Mimi nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya, na uongo kati yetu naona umetosha.

Unakumbuka jambo la ubavu wangu. Nilidhani ni ukingo wa meza ya kukatia mapazia, maana miaka kumi na mbili naiegemea kila siku. Wasichana wangu wa cherehani wakanitania kwamba nimeota titi la tatu, nikacheka nao. Miezi minne iliyopita nikashindwa kuvuta pumzi hadi mwisho, na kicheko kikaisha. Kwenye simu nilikuficha, nisikutie hofu kazini.

Hospitali walianza kwa kushuku kifua kikuu. Wakapima makohozi, hakuna kitu. Kisha wakanilaza kwenye mashine inayopiga picha vipande vipande, wakanichoma sindano nene wakatoa kinofu cha mfupa. Daktari wa mifupa, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, akaniambia ni uvimbe wa seli kubwa. Si saratani, alisema, ila unaguguna mfupa, na ukiachwa hauna adabu. Kwa kawaida hukaa gotini au kwenye kifundo cha mkono. Ubavuni ni nadra, ndiyo maana hawakuwa na haraka ya kukubali jibu la maabara. Wakapima na damu, kwa kuwa kuna tezi za shingoni ambazo zikiharibika huleta uvimbe wa mifupa unaofanana kabisa na huu wangu. Tezi zangu ni nzima.

Sasa uvimbe umeshika mbavu tatu na unasukuma pafu. Nimechomwa sindano za kuukausha, na Alhamisi nitapasuliwa.

Siku ya kwanza daktari aliniuliza kama nimewahi kupigwa picha ya kifua. Alitaka kujua uvimbe unakua kwa kasi gani. Nikamwangalia machoni nikasema sijawahi. Nilisema hivyo kwa ajili yako.

Maana tunajua wewe na mimi. Miaka mitatu iliyopita ile kampuni inayopika chakula cha ndege ilitaka picha ya kifua kabla ya kukuajiri, na wewe una makovu ya kifua kikuu ulichopona utotoni. Ulilia kwamba yatakunyima kazi. Nikachukua kitambulisho chako, si sura zetu ni moja, nikavua blauzi nikasimama mbele ya mashine badala yako. Mapafu safi, fomu ikagongwa mhuri siku ileile. Tulicheka njia nzima.

Wiki jana nilikwenda kwenye kliniki ile kimya kimya, nikadhani nitaipata picha nimpelekee daktari bila kukutaja. Mpiga picha, yule mwenye kipara, akatoa bahasha, akasoma karatasi iliyokuwamo, akaniangalia. Akanidhania ni wewe. Loo, alinigombeza! Akasema daktari wa pili, anayezipitia picha zote mwisho wa wiki, aliona doa kwenye ubavu wa saba, dogo kama punje ya maharage, akaagiza mwenye picha arudi haraka. Akasema alinipigia simu mara tatu, kwa namba yako iliyo kwenye fomu, na mara ya mwisho nikamjibu kwamba natibiwa kwingine, asinisumbue. Akanionyesha tarehe zote alizoziandika.

Nilikaa kwenye benchi na ile bahasha aliyonipa, nikazisoma tena tarehe zile. Daktari alishaniambia kwamba uvimbe ungekutwa mdogo, kuondoa kipande cha ubavu mmoja kungetosha.

Woga ningekusamehe. Lakini tarehe ya ile simu ya tatu naijua. Nilikuwa kwako, natundika mapazia ya nyumba yako mpya. Simu ikalia, ukatoka kibarazani, ukarudi ukasema ni watu wa kazini tu. Nikalalamika kwamba ubavu unachoma nikinyanyua mkono. Ukanicheka kwamba nimezeeka, ukanikalisha, ukanichua kwa mafuta palepale panaponiuma. Ulinichua huku unajua. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilinikalisha kwenye kochi kikanipaka mafuta. Umenisaliti, mdogo wangu, sina neno lingine.

Basi jana nilimpa daktari picha ile, nikamweleza ni ya nani na ilikuwaje, na nimetia saini. Alisema hana budi kuiandikia kliniki irekebishe jalada, na kliniki itawaandikia waajiri wako. Akaniuliza kama nataka kuzungumza na wewe kwanza. Nikasema hapana.

Nikamuuliza kama yale makovu yako yangekunyima kazi kweli. Akashangaa. Akasema makovu ya ugonjwa uliopona si ugonjwa. Wangekupima makohozi, wangekupa kazi.

Alhamisi usije. Kwenye fomu, panapoulizwa ndugu wa karibu, nimemwandika fundi wangu mkubwa. Mama sijamwambia kitu. Kila asubuhi anakuombea heri kwa sauti, na mimi naitikia amina.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.