Programu Iliyokwenda Inyonga na Mkalimani Wake

Majengo,
Mpanda,
Katavi.

14 Juni, 2025

Mpendwa Shangazi Raya,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Baridi ya Lusaka mwezi huu inakuendeaje, na goti lako je? Mwanao Naseeb katuambia kwamba ukipanda ngazi unazigombeza kama watu. Tulicheka, lakini dua tunakuombea. Sisi hatujambo. Baba amepona mafua na amerudi dukani Kashaulili. Mama anasema kwenye picha uliyotuma umekonda. Usimjibu, ataongeza maneno.

Uliniuliza kwenye simu ile laptop uliyoninunulia naifanyia nini kutwa nzima. Nikasema "kazi tu", nawe ukanuna. Ulikuwa na haki. Mambo yaliyo karibu sana na moyo wangu hunikaa kooni, ila nikiandika yanatoka.

Kuna kikundi cha wafuga nyuki Inyonga. Msimu uliopita ndoo moja ya asali iliyotiwa maji iliwaharibia wote: mnunuzi alikataa mzigo mzima, kwa kuwa hakuna aliyejua ndoo ile ni ya nani. Nikawatengenezea programu. Ndoo ikishapimwa, Mama Dorotea, karani wao wa mapokezi, anaandika jina la mwenye asali na kambi aliyorinia, na mashine inatoa lebo ya kubandika.

Mwenyekiti wao, Mzee Manyanda, alinipa sharti moja. "Siku ya mapokezi wewe ukae kwenu Mpanda. Ikifunguka bila wewe, ni yetu. Isipofunguka, kompyuta inarudi kwenye boksi lake." Nilikubali kwa kiburi. Nilipokwenda ofisini kwao Inyonga kuiweka, kiburi kikaisha.

Programu yangu nimeiandika kwa lugha ya Java, Shangazi, na kompyuta haielewi Java mpaka iwe na mkalimani wake ndani. Kwenye laptop yangu yumo. Kompyuta ya ofisi yao inatumia mfumo wa Linux kama laptop yangu, lakini mkalimani niliyemkuta humo alikuwa wa zamani, haelewi Java ya sasa. Kumpakua mpya ilishindikana, mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Juu ya hayo, nilikuwa nimemwandikia Mama Dorotea amri ndefu ya kuchapa kwenye dirisha jeusi kila anapotaka kuanza. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwanaiddi mwanangu, hii ni programu au litania?"

Nilitoka nje nikiwa nimevimba. Pale uani vijana walikuwa wanafunga mizigo kwenye baiskeli kwenda kambini: unga, chumvi, sufuria, madumu ya maji, hata viberiti. Hakuna anayekwenda porini akitegemea kwamba atakuta duka. Nikasimama nikiwatazama mpaka mmoja akaniuliza kama nataka lifti. Mimi ndiye niliyeituma programu yangu porini mikono mitupu.

Nikarudi Majengo, nikaifunga upya pamoja na mkalimani wake, ikawa faili la kufungua kwa kubofya tu. Nikalitia kwenye flashi, nikapanda basi hadi Inyonga nikitabasamu peke yangu. Mama Dorotea akabofya. Kimya. Akabofya tena. Kompyuta ikasema haina ruhusa.

Linux haiendeshi faili mpaka liwe limepewa ruhusa ya kuendeshwa. Mimi nilikuwa nimeiweka ruhusa hiyo, lakini flashi yangu ni ya mtindo wa Windows, haiibebi. Faili lilifika zima, ruhusa ikapotea njiani. Mzee Manyanda akainama kutazama kioo.

"Binti, ng'ombe umemleta. Kamba umeiacha wapi?"

Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka. Ningeweza kuirudisha ruhusa palepale kwa amri moja. Lakini siku flashi nyingine ikileta toleo jipya, nani angeiandika amri hiyo? Nikafungua laptop mezani kwao nikatengeneza kifurushi kamili cha usakinishaji. Chenyewe kinapanga kila faili mahali pake, kinatoa ruhusa, na kinaweka picha ya mzinga kwenye menyu ya kila anayeingia kwenye ile kompyuta. Nikakisakinisha, nikaaga, nikaondoka kabla sijajaribu kugusa kitu kingine.

Mapokezi yalikuwa juzi Alhamisi. Nilikaa dukani na Baba nikikunja vitenge ambavyo vilikuwa vimekunjwa tayari. Baba akaninyang'anya. Simu haikuita asubuhi yote, nami nikaanza kuiona kompyuta ikirudishwa kwenye lile boksi. Alasiri Mama Dorotea akapiga. Hata salamu hakutoa.

"Wewe, lebo zimeisha na watu bado wamepanga foleni hadi barabarani! Karatasi zaidi nazipata wapi?"

Nikamwelekeza. Akakata simu bila kunishukuru, Shangazi, wala kuitaja programu hata kidogo. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kusahauliwa.

Baba na Mama wanakusalimu, na mdogo wangu Bushra anasema zawadi yake bado anaingoja. Nisalimie Baba Naseeb, Naseeb mwenyewe, na jirani yako Hana. Mwenyezi Mungu akupe afya, alilainishe goti lako, na atukutanishe tukiwa na nguvu za kucheka.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapokuwa mchache wa maneno,

Mwanaiddi