Nyumba ya Nyasi Iliyotundikwa Ukutani

Eldoret, 9 Februari 1937

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe, nakusalimu. Kikohozi cha Mama kimepoa? Mimi na mume wangu Shitanda ni wazima, ila baridi ya huku bado haijatuhurumia.

Baba, kule shambani ninakofua na kupiga pasi, memsabu ameletewa picha kubwa ya rangi kutoka Uholanzi, nchi ya babu zake. Anasema ilichorwa karibu miaka mia tatu iliyopita. Nilidhani nitaona mfalme. Kumbe ni nyumba ya mkulima! Ukuta wa udongo umebanduka mpaka fito zinaonekana. Paa ni la nyasi, limeota kuvu upande mmoja, na moshi unapenya katikati ya nyasi vilevile kama kwetu jioni. Mama mmoja ameinama mlangoni anamwaga maji, kuku wanamkimbilia. Jua limeangukia ule ukuta mbovu, ukapendeza kama uso wa mtu mzee. Niliitazama mpaka pasi ikapoa. Memsabu hakunigombeza. Alisema, "Nzuri, eh? Wageni wanakuja Pasaka kuiona."

Mimi binti yako,
Musimbi

Maragoli, 27 Februari 1937

Musimbi mwanangu,

Mulembe. Mama yako hakohoi tena, anakusalimu sana.

Barua yako imenikasirisha, sitakuficha. Hawa Wazungu si ndio hutuambia katika kila baraza kwamba nyumba za nyasi ni uchafu, zina panya na maradhi? Leo wameivusha bahari na kuitia fremu! Mimi nimeezeka tangu ujana wangu, hata hiyo unamolala na mumeo huko shambani niliiezeka kwa mikono hii. Ni Mzungu gani alisimama kuitazama? Usinisifie nyumba za watu hao.

Baba yako,
Murunga

Eldoret, 22 Machi 1937

Kwa Baba,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Tuko hai.

Jumatano bwana mwenye shamba alikuja kwenye nyumba za wafanyakazi. Akasema kila nyumba ya nyasi inayoonekana kutoka barazani kwake ibomolewe kabla ya Pasaka, zinaharibu sura ya shamba. Akamwambia Shitanda aanze na yetu, kwa mikono yake. Shitanda akasema, "Bwana, sivunji nyumba ya mke wangu." Basi wakaleta ng'ombe wa plau, wakafunga mnyororo kwenye nguzo ya kati. Paa lako lilianguka zima, Baba. Halikutawanyika.

Nikaenda moja kwa moja mpaka sebuleni, miguu ina matope.

"Memsabu," nikasema, "hii ya ukutani na yangu zina tofauti gani?"

"Musimbi, hiyo ni ya zamani. Ni kazi ya fundi mkubwa."

"Yangu pia imejengwa na fundi mkubwa. Ni baba yangu."

Akawa mwekundu usoni. Akasema nisilete kelele, kuna vitambaa vya meza vya wageni havijapigwa pasi. Nikavua aproni, nikaiweka juu ya kiti chake, nikatoka.

Jirani yetu Chepkoech alikuwa amekaa nje na mtoto mchanga, nyumba yao nayo imevunjwa, mvua inawanyeshea. Mumewe Kiprono akatuchukua sote mpaka kwa mama yake, ng'ambo ya mto, nje ya mpaka wa shamba. Ndipo tulipo, na baraza la bwana linaonekana kutoka huku. Mama huyo ametupa nafasi ya kujenga, tuchague mahali wenyewe.

Lakini usimchukie aliyechora. Yule alikaa akamtazama maskini na nyumba yake kwa heshima. Hawa wanaitazama picha yake tu.

Binti yako,
Musimbi

Maragoli, 2 Aprili 1937

Musimbi mwanangu,

Salamu kwako, kwa Shitanda, na kwa mama yake Kiprono. Huyo ni mtu. Mwambie nimesema hivyo.

Mama yako amelia siku nzima. Mimi nimenoa panga. Ng'ombe wa plau, kuvuta nyumba ya watu! Memsabu akituma mtu kukuita, usiende, hata akija mwenyewe.

Natoka Jumatatu kwa miguu, kupitia Kapsabet. Msikate nyasi kabla sijafika. Nyinyi mnakata mbichi, halafu paa likivuja mnanilaumu mimi. Huyo mchoraji wako nimemsamehe, kwa kuwa umeniomba.

Kiwanja tafuteni mahali pa juu, pasipo miti mbele. Nataka bwana yule akikaa barazani na wageni wake asione kitu kingine.

Baba yako,
Murunga