Kadi Nyekundu na za Bluu

Dada yangu,

Barua yako imefika. Huku mzima, uchovu tu ndio hauniishi.

Kihispania bado nakisoma, maana ofisini asiyekijua hapewi kazi ya mapokezi. Kwao kila kitu ni cha kike au cha kiume, na neno la sifa lazima lifuate, kwa umoja na kwa wingi. Kiti ni cha kike: *silla roja*, vikiwa vingi *sillas rojas*. Sisi tunasema kiti chekundu, viti vyekundu, tumemaliza. Wao mpaka wakague jinsia!

Mwalimu alinishauri nibandike kadi kwenye vyombo vyote vya nyumbani, nyekundu kwa vya kike, bluu kwa vya kiume. Shemeji yako akacheka: "Na mimi je, unaniacha?" Nikamwandikia ya bluu, *marido*, yaani mume, nikambandika kifuani. Alishinda nayo siku nzima.

Jumanne nimetoka kazini nikakuta nyumba tupu. Viti hakuna, kabati hakuna, kitanda hakuna. Kadi zangu amezibandua moja moja, wala hakuchana hata moja, akazipanga dirishani, nyekundu huku, bluu huku. Juu kabisa ya zile za bluu ameiweka ile yake.

Mama usimwambie kwanza, presha yake unaijua. Watoto wasalimie. Mtihani ni Ijumaa, nasomea sakafuni.

Mimi mdogo wako